Pingili za Shingo Zimesagika? Fuata Mpangilio Huu Kabla Hujalipia MRI

Kila wiki napokea kwenye simu picha tatu nne za eksirei ya shingo. Nyingine imeinuliwa dirishani ili mwanga upite, kwa nyuma naona kamba ya nguo na ndoo ya bluu. Chini yake ujumbe ni ule ule: "Daktari, nimeambiwa pingili zimesagika. Nitapooza? Nifanye operesheni?" Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, mtaani wananiita daktari wa mazoezi, na nimechoka kuandika jibu lile lile usiku wa manane. Nimeliweka lote hapa.

Tuanze na neno lenyewe, maana "kusagika" limetisha watu kuliko ugonjwa. Hakuna unga unaodondoka humo ndani. Shingo ina pingili saba, na kati ya pingili na pingili (isipokuwa ile ya kwanza na ya pili) kuna diski: nje ngumu, ndani laini na yenye maji. Fikiria dafu linavyoelekea kuwa nazi. Umri ukienda diski inakauka, inapungua kimo, na mifupa ya jirani inaota vijipembe. Watu wengi waliovuka miaka 40 wana mabadiliko hayo na hawaumwi popote. Shida inakuja pale diski au kijipembe kinapobana mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi, au, mara chache zaidi, kinapobana kamba kuu ya fahamu inayopita katikati ya uti wa mgongo. Matibabu yote yanategemea kujua umebanwa wapi, au kama hujabanwa kabisa.

Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo na kalamu. Usitumie simu, utaona kwa nini.
- Khanga kuukuu au taulo.
- Mto mmoja.
- Kiti chenye mgongo. Cha plastiki kinatosha.
- Chupa ya mpira ya maji ya moto. Chupa ya soda itajikunja na kukuunguza.
- Majina ya dawa zote unazotumia: za presha, kisukari, vidonda vya tumbo, kufubaza virusi, kila kitu.
- Dakika kumi, mara tatu kwa siku, kwa wiki sita. Hili ndilo gumu kupatikana Dar es Salaam kuliko yote.

Hatua ya 1: Hakikisha huna dalili zisizosubiri

Usiruke hatua hii hata kama maumivu ni madogo. Kwa kweli kamba kuu ikibanwa, shingo inaweza isiume kabisa.

Funga na fungua vifungo vya shati bila kuangalia. Hesabu sarafu mfukoni kwa vidole. Kisha kunja ngumi na kukunjua vidole vyote haraka kwa sekunde 10. Mtu mwenye mikono mizima anafika mara 20 hivi. Baada ya hapo tembea hatua kumi kwa kufuata mstari wa vigae, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, mtu akiwa karibu asikuache uanguke.

Nenda hospitali leo, wala usiendelee na hatua zinazofuata, ukiona lolote kati ya haya:

- Mikono imekuwa mizito kwa kazi ndogo ndogo, mwandiko umebadilika, au kandambili inavuka mguuni bila wewe kujua. Hilo la kandambili naliuliza kila mgonjwa, na wengi hushtuka: "Umejuaje?"
- Miguu imekaza au unayumba kama mlevi.
- Mkojo au choo kimeanza kukuponyoka, au mkojo umegoma kutoka.
- Ukiinamisha kichwa shoti ya umeme inashuka mgongoni hadi miguuni.
- Mkono unazidi kuishiwa nguvu siku hadi siku.
- Homa, jasho la usiku, kupungua uzito, au umewahi kuugua TB au saratani. TB hukaa hata kwenye mifupa ya uti wa mgongo, na hiyo haiponi kwa mazoezi.
- Shingo imeanza kuuma baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda. Usiigeuzegeuze.

Maumivu ya mkono wa kushoto yakija na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi, hiyo inaweza kuwa ni moyo. Mdomo ukipinda au maneno yakikwama ghafla, inaweza kuwa kiharusi. Kote huko ni kukimbia hospitali.

Hatua ya 2: Jua maumivu yako ni ya aina gani

Yakiishia shingoni na mabegani, mara nyingi ni misuli na viungo vidogo vya pingili. Hayo yana njia nyepesi.

Yakishuka mkononi kama waya wa moto, pamoja na ganzi, angalia ni kidole gani. Ganzi ya dole gumba na kidole cha shahada huelekeza kwenye mshipa wa sita wa shingo. Cha kati, wa saba. Cha mwisho, wa nane. Mishipa ya sita na ya saba ndiyo inayobanwa zaidi, kwa sababu sehemu ya chini ya shingo ndiyo inayofanya kazi nyingi. Jaribu pia kuweka kiganja cha mkono unaouma juu ya kichwa, kama mtu anayeshangaa bei. Ukipata nafuu, ni ishara nzuri kwamba chanzo kiko shingoni.

Ila ganzi inayokuamsha usiku na kuisha ukikung'uta mkono, mara nyingi ni mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Nimeona watu wakitibiwa shingo miezi minane kwa tatizo hilo.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Kila jioni andika mistari mitatu tu: maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10, yamefika wapi (bega, kiwiko, kidole), na nini kiliyaamsha.

Mama mmoja fundi cherehani kutoka Tandika alikuja na bahasha kubwa ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku), dole gumba limekufa ganzi, tayari ameanza kuulizia bei ya upasuaji. Nikampa daftari. Baada ya siku kumi tukalisoma pamoja. Jumapili zote zilikuwa 3, siku za kushona sare za shule zilikuwa 8. Nikamwomba akae kama anavyokaa kazini: kiti kirefu, cherehani chini, kidevu kimegusa kifua, saa kumi kwa siku. Fundi seremala wa jirani akakata miguu ya kiti inchi tatu. Hakuna kidonge nilichompa siku ile. Simu isingefaa kwa kazi hii, maana ungeinamia simu ili uandike kwamba kuinamia simu kunakuumiza.

Kitu kimoja kinachokosewa sana kwenye kusoma daftari: maumivu yakirudi nyuma, kutoka kidoleni kwenda kiwikoni, kutoka kiwikoni kwenda begani, unapona, hata kama shingo yenyewe inauma zaidi kidogo. Yakisonga mbele kuelekea vidoleni, kuna unachokosea.

Hatua ya 4: Tuliza maumivu bila kujiumiza

Parasetamoli ya miligramu 500: mtu mzima anaweza kumeza viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Mwenye shida ya ini, mwili mdogo sana au anayekunywa pombe sana apunguze, na aulize kwanza. Ibuprofeni na diklofenaki zinasaidia zaidi pale penye uvimbe, kwa siku chache, baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au moyo, na mjamzito, asizinunue bila daktari.

Makosa ninayokutana nayo:

- Kumeza ibuprofeni asubuhi na kuchomwa sindano ya diklofenaki jioni. Ni familia moja ya dawa. Umezidisha dozi na tumbo ndilo litakalolipa.
- Kununua vidonge vya rangi tatu kwenye kibahasha kisicho na majina. Uliza jina la kila kidonge. Mara nyingine kimojawapo ni deksamethasoni au prednisoloni, yaani steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, ndiyo maana "ilikata siku hiyo hiyo". Ukizitumia muda mrefu zinapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa.
- Kuomba gabapentini, pregabalini au amitriptilini kwa sababu jirani anatumia. Hizo ni za maumivu ya mishipa ya fahamu na zinafaa baadhi ya watu, lakini zinalewesha. Daktari ndiye anayepanga dozi, na hazikatishwi ghafla.

Maji ya moto: chupa izungushie khanga, weka nyuma ya shingo dakika 15. Kama ngozi ina ganzi au una kisukari, pima joto kwa mkono usio na ganzi kwanza.

Sasa kinyozi. Unajua mchezo wenyewe: amemaliza kunyoa, amekupangusa kwa kitambaa cha moto, anakukanda mabega, halafu bila kuuliza anashika kidevu na kisogo, *kra!* Nami niliwahi kuachia shingo yangu hivyo, tena nikiwa nimeshasomea kazi hii. Siku tatu nilikuwa nalipa nauli bila kuweza kumgeukia konda. Mimi niliponea hapo. Kuzungusha shingo kwa nguvu ya ghafla kunaweza, mara chache lakini kweli, kupasua ukuta wa mshipa wa damu unaopanda ubongoni na kuleta kiharusi, na kwa mwenye kamba kuu iliyobanwa ni hatari zaidi. Kukandwa mabega polepole hakuna ubaya. Kuvunjwa shingo, hapana.

Hatua ya 5: Panga usiku

Mto mmoja. Mito ya sufi tuliyoizoea ina tabia ya kujikusanya pembeni, katikati kukabaki bonde. Ukung'ute na kuupanga kila jioni. Viringisha khanga iwe nene kama mkono wa mtoto, iingize ndani ya foronya ukingoni, ili ijaze lile pengo la shingo. Lala chali au ubavu. Ukilala ubavu, pua iwe sambamba na kitovu, mto uzibe nafasi yote ya bega. Kulala kifudifudi ni kuigeuza shingo upande mmoja saa sita mfululizo. Wiki ya kwanza utajikuta umerudi kifudifudi usingizini. Geuka tu, uendelee.

Hatua ya 6: Mazoezi

Kaa kwenye kiti, mgongo umegusa, miguu chini.

1. *Kurudisha kidevu.* Angalia mbele. Rudisha kidevu nyuma kana kwamba mtu amekuletea kikombe cha chai ya moto puani. Usiinamishe kichwa wala kukiinua. Shikilia sekunde 5, achia. Mara 10.
2. *Kugeuka.* Polepole kulia hadi panapoanza kukaza, si panapouma, rudi, kushoto. Mara 10.
3. *Kubana mabega.* Vuta mifupa ya mabega nyuma na chini, kama unataka kushika penseli katikati yake. Sekunde 5, mara 10.
4. *Kusukumana na kiganja.* Kiganja kwenye paji la uso. Kichwa kisukume, kiganja kikatae, kichwa kisisogee. Tumia robo ya nguvu tu. Sekunde 5, mara 5. Rudia kisogoni na pande zote mbili. Zoezi hili lianze wiki ya tatu.

Ongeza kutembea dakika 20 hadi 30 kwa siku, mikono ikipunga. Kosa kubwa kuliko yote ni kufanya mengi siku ya kwanza na kuacha siku ya nne. Kosa la pili ni kuzungusha kichwa duara zima kama tulivyofundishwa kwenye mchakamchaka wa shule. Hilo liache.

Hatua ya 7: Ondoa kinachobana

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya pingili zako, kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Kwa wiki hizi sita tumia madumu mawili madogo, moja kila mkono, au toroli, au kijana wa nyumbani. Kwenye daladala ndogo usisimame umekunja shingo chini ya paa kutoka Mbagala hadi Kariakoo, subiri linalofuata. Ukisinzia kwenye foleni kichwa kinaning'inia, kwa hiyo egemeza kisogo kwenye kiti au usisinzie. Simu ilete usawa wa macho. Dereva, sogeza kiti mbele. Sigara pia, maana inaharakisha kukauka kwa diski na inazuia mifupa kuungana baada ya upasuaji.

Hatua ya 8: Wiki ya sita, amua

Wengi waliobanwa mshipa mmoja wa mkono hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Daftari likionesha namba zinashuka, endelea. Zikigoma, anzia kituo cha afya, uombe rufaa kwenda hospitali ya Amana, Mwananyamala au Temeke, ukitegemea unakoishi. Kutoka huko, wanaohitaji mpasuaji hupelekwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, penye wapasuaji wa mifupa na wa mishipa ya fahamu pamoja. Wenye bima wasiruke ngazi. Bila karatasi ya rufaa utajikuta unalipa mfukoni.

Beba daftari, picha za zamani na majina ya dawa.

Eksirei inaonesha mifupa, haioneshi mishipa ya fahamu. MRI inaonesha vyote, na ndiyo sababu inatisha: itaandika kila mkunjo wa umri wako. Ina maana pale tu jibu lake litabadilisha matibabu, yaani una dalili za Hatua ya 1, mkono unaishiwa nguvu, au sindano na upasuaji vinafikiriwa. Kabla ya kuingia sema kama una kifaa cha moyo au chuma mwilini, na kama unaogopa sehemu za kubana. Ripoti ikisema diski imetokeza kati ya pingili "ya tano na ya sita" wakati ganzi yako iko kidole cha mwisho, muulize daktari kama vinahusiana. Inawezekana havihusiani.

Hatua ya 9: Sindano na upasuaji

Sindano ya steroidi karibu na mshipa uliobanwa inaweza kupunguza maumivu ya mkono kwa muda, lakini haiponyi diski. Shingoni ina hatari zake, kwa hiyo ifanywe na aliyezoea, akiongozwa na mashine ya picha. Usichanganye hii na ile "sindano ya shingo" ya duka la dawa.

Upasuaji una sababu tatu za msingi: kamba kuu imebanwa na dalili zipo, nguvu za mkono zinapotea, au maumivu ya mkono yamekataa kila kitu kwa miezi na picha inakubaliana na dalili. Maumivu ya shingo peke yake ni sababu dhaifu. Njia inayotumika sana ni ya kuingilia mbele ya shingo: diski inatolewa, kipande cha mfupa au kizimba kidogo cha kushika nafasi yake kinawekwa, pingili mbili zinaungana. Imetumika tangu miaka ya 1950. Siku za mwanzo sauti inaweza kukwaruza na ugali ukapita kwa shida koo. Mara nyingi huisha. Pengine inawekwa diski ya bandia ili shingo iendelee kucheza pale, au, kamba ikiwa imebanwa sehemu nyingi, wanaingilia nyuma kuipanulia nafasi. Muulize mpasuaji: lengo ni kuondoa maumivu, au ni kuzuia nisizidi kudhoofika? Kwa kamba kuu iliyobanwa, lengo kuu ni hilo la kuzuia usizidi kudhoofika. Nguvu iliyokwisha kupotea huenda isirudi yote, ndiyo maana kuchelewa kunagharimu.

Mambo yakigoma

*Mazoezi yanaongeza maumivu.* Kukaza kunakoisha ndani ya saa moja ni kawaida. Kukizidi hapo, au yakishuka mkononi, punguza nusu. Yakiendelea, acha zoezi hilo na umwone mtaalamu.

*Napata kizunguzungu nikigeuza shingo.* Simama hapo. Pima presha, kisha umwone daktari kabla ya kuendelea.

*Shingo inalia kokoto.* Haiumi? Iache ilie.

*Maumivu yameisha, ganzi imebaki.* Ganzi huchelewa, wakati mwingine miezi. Nguvu zikiwa kamili, subiri. Vikombe vikianza kukuponyoka, rudi Hatua ya 1.

*Nivae kola ya kushikilia shingo?* Siku chache za maumivu makali, basi. Ukiivaa mwezi mzima misuli inalala na utashindwa kuivua.

*Nikisujudu shoti inapiga hadi kidoleni.* Swalia kwenye kiti kwa sasa na uinamie kiuno, shingo ibaki imenyooka. Kama hiyo shoti inashuka mgongoni na miguuni, hilo si la mazoezi, nenda hospitali.

*Kuna dawa ya kujaza diski, wanaleta hadi nyumbani.* Hakuna kidonge, unga wala mafuta yanayorudisha maji ndani ya diski. Hela hiyo nunua mto mzuri.

*Ilipona, imerudi baada ya miezi.* Itarudi kwa wengi, hasa msimu wa kazi nyingi. Fanya tena majaribio ya Hatua ya 1, kisha anza mazoezi ya wiki ya kwanza. Mama wa Tandika hurudi kwenye daftari lake kila Januari sare zinapomjia.

*Kinyozi wangu hasikii.* Mwambie mapema, kabla hajakufunga kitambaa: "Kunyoa tu, kaka. Shingo usiguse."